Wingu Lisilo na Mvua

Huku kwetu Dirma ukitaja wingu, watu huinua macho kuelekea Mlima Hanang. Mfugaji hulisoma kabla ya kuamua ng'ombe waende wapi, na mkulima wa ngano hulisoma kabla ya kuamua avune leo au asubiri. Na tangu tarehe 3 Desemba 2023, siku mvua ilipoporomosha tope, miti na mawe kutoka mlimani hadi Katesh na kuua watu wengi, neno hilo limepata uzito mwingine. Kwetu sisi wingu si pambo la ushairi. Ni jambo la kufa na kupona.

Leo nataka kuandika juu ya wingu la aina nyingine kabisa. Halina mvua, halitupi kivuli, na liko juu mno kuliko ndege yoyote iliyowahi kupita Hanang. Wanasayansi huliita wingu la plazma. Wametumia zaidi ya miaka 60 kulifuatilia: linakwendaje, linatanukaje, linachanikia wapi. Na ndani ya historia hiyo kuna ukurasa mmoja ulioandikwa kutoka pwani ya Waswahili, ukurasa ambao sisi wenyewe hatuusimulii. Ndio ninaoutaka hapa.

Tuanze na jina. Wengi wetu tulilisikia neno plazma kwenye somo la baiolojia, tukafundishwa kuwa ni yale maji ya damu. Hii ni plazma nyingine. Chukua hewa au gesi yoyote, ipe joto kali sana au ipige kwa mwanga mkali wa jua. Chembe zake zitaanza kupoteza elektroni. Chembe iliyopoteza elektroni inaitwa ioni, nayo hubeba chaji ya umeme. Mchanganyiko wa ioni na elektroni zinazozagaa ndio plazma. Si yabisi, si kimiminika, na si gesi ya kawaida, kwa sababu inasikia umeme na inatii sumaku. Wapo wanaoiita utegili kwa Kiswahili, neno zuri tu, ila bado halijashika mitaani.

Jua lenyewe ni plazma. Hapa mtu wa Mbulu au Hanang anaweza kutabasamu kidogo, maana Wairaqw humwita Mungu Looaa na Wadatoga humwita Aseeta, na katika lugha zote mbili jina hilo ni jina la jua pia. Wazee hawakuwa na darubini, lakini walijua mambo yetu mengi yanaanzia kule. Jua halitupi mwanga peke yake. Linapuliza plazma mfululizo kila upande, na huo ndio unaoitwa upepo wa jua. Siku nyingine linatema wingu zima kwa mkupuo mmoja. Wingu hilo likiifikia dunia linakutana na sumaku yetu, na hapo ndipo kazi inapoanza.

Sasa, utalichunguzaje wingu usiloliona? Mwindaji anayetaka kujua upepo unatoka wapi hafanyi mambo makubwa. Anachota vumbi, analiachia taratibu, anaangalia linaelekea wapi. Hivyo hivyo ndivyo walivyofanya wanasayansi wa plazma, ila vumbi lao lilipandishwa kwa roketi.

Mwaka 1951 Mjerumani Ludwig Biermann alitazama mikia ya nyotamkia, akaona kuna mkia unaoelekea upande wa pili wa jua kila mara, kana kwamba kuna kitu kinausukuma. Akasema lazima jua linatoa mkondo wa chembe usiokatika. Wazo likazaa wazo: kama nyotamkia inatuonyesha upepo wa jua, basi kwa nini tusitengeneze nyotamkia yetu ndogo, mahali tunapopataka na saa tunayoitaka? Kundi la Taasisi ya Max Planck kule Ujerumani, likiongozwa na Reimar Lüst, lilianza kujaribu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Na roketi zao za kwanza zilirushwa wapi? Afrika. Zilirushwa Hammaguir, kwenye jangwa la Sahara, kituo ambacho Ufaransa iliendelea kukishikilia hadi 1967 ingawa Algeria ilikuwa huru tangu 1962.

Vumbi lililochaguliwa lilikuwa bariamu, metali laini inayogeuka mvuke ikichomwa. Uzuri wake ni kwamba mwanga wa jua unaweza kung'oa elektroni yake moja kwa muda mfupi sana, chini ya dakika. Siri nyingine iko kwenye saa ya kurusha. Wanarusha jua likiwa limeshazama, ardhini giza limeingia, lakini kule juu, kilomita 200 na zaidi, jua bado linawaka. Wewe uliye gizani unaliona wingu likimulikwa.

Kinachotokea ni hiki. Kwanza linafumuka tufe la mvuke, linatanuka pande zote kama moshi. Kisha tufe hilo linazaa mawingu mawili. Moja la kijani, la bariamu ambayo bado haijapoteza elektroni. Hilo linabaki la mviringo na kuchukuliwa na upepo wa huko juu. La pili ni la zambarau, la ioni, na hilo halitii upepo. Linajinyoosha kufuata njia za sumaku ya dunia, linakuwa refu kama ukambaa, halafu linaanza kuhama kivyake. Mawingu mawili ya mama mmoja yanaachana mbele ya macho yako. Kwa kupima yanaachana kwa kasi gani, unaweza kupiga hesabu ya nguvu ya umeme iliyopo kule juu, ambayo hakuna waya wala mita inayoweza kufika kuipima namna hiyo. Ukisubiri zaidi, utaona upande mmoja wa wingu la zambarau unachanika nyuzi nyuzi kama kitambaa kilichopasuliwa. Nyuzi hizo zilifundisha mengi, nami nitazirudia tukifika angani kwetu.

Lazima niseme kwamba si kila aliyetaka kuona plazma ikitanuka alitumia metali ya kuchoma. Tarehe 9 Julai 1962 Marekani ililipua bomu la nyuklia la megatani 1.4 juu ya Bahari ya Pasifiki, kilomita 400 kutoka ardhini. Jaribio hilo liliitwa Starfish Prime. Wingu la plazma lililotokea liliisukuma sumaku ya dunia, taa za barabarani zikazimika Hawaii, na mionzi iliyobaki juu ikaharibu setilaiti kadhaa, ikiwamo Ariel 1, setilaiti ya kwanza ya Uingereza. Mwaka uliofuata mkataba wa kimataifa ukapiga marufuku milipuko ya aina hiyo. Ninalitaja kwa sababu moja: anga halina ua. Bomu lililipuliwa Pasifiki, lakini chembe zilizonaswa na sumaku ya dunia zilizunguka sayari nzima, zikapita juu ya Mbulu kama zilivyopita juu ya Washington. Na hakuna aliyetuuliza.

Sasa twende pwani.

Kaskazini ya Malindi, kwenye ghuba ya Ungwana mbele ya kijiji cha Ngomeni, yapo majukwaa ya chuma yaliyosimama baharini kwa miguu yake. Waliyaweka Waitaliano katikati ya miaka ya 1960, chini ya profesa wa Roma aliyeitwa Luigi Broglio. Jukwaa la kurushia waliliita San Marco, na la kuongozea wakaliita Santa Rita. Kwa nini waje mpaka Kenya? Kwa sababu ya ikweta. Dunia inapojizungusha, mtu aliyeko ikweta anabebwa kuelekea mashariki kwa kasi ya kilomita 1,670 hivi kwa saa. Roketi ikirushwa kutoka hapo inaondoka na kasi hiyo bila kuilipia. Tena mashariki ya Ngomeni ni bahari tupu. Mabaki yakianguka, yanaangukia majini.

Tarehe 26 Aprili 1967 setilaiti ya Kiitaliano San Marco 2 iliondoka hapo. Halafu ikaja ile ambayo kila anayependa habari za anga Afrika Mashariki anaijua. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, roketi ya Marekani aina ya Scout ilipaa kutoka Ngomeni na setilaiti ya kuchunguza eksirei kutoka kwenye nyota. Marjorie Townsend, aliyeusimamia mradi huo NASA, akaipa jina Uhuru kwa heshima ya siku hiyo na wenyeji. Kazi ya Uhuru ni sehemu ya sababu zilizompa Riccardo Giacconi Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Jina limebaki. Wanafunzi wa fizikia wa Japani na Brazili wanatamka neno la Kiswahili bila kujua kwamba ni la Kiswahili.

Lakini sikuja kusimulia Uhuru. Nimekuja kusimulia mdogo wake.

Miezi 11 baadaye, tarehe 15 Novemba 1971, Scout nyingine iliondoka pale pale. Ilibeba setilaiti ndogo ya kilo 52 hivi. Wamarekani waliiita S3, yaani setilaiti ndogo ya kisayansi. Ilipofika juu ikasajiliwa kama Explorer 45. Haikupewa jina la Kiswahili. Kazi yake ilikuwa kuchunguza mawingu ya plazma yanapoivamia sumaku ya dunia wakati wa dhoruba, na mkondo wa umeme unaotokea hapo na kuizunguka dunia kama pete.

Njia yake ilikuwa ya ajabu. Upande mmoja ilishuka hadi kilomita 220 hivi kutoka ardhini, upande wa pili ikapanda hadi karibu kilomita 27,000, na mzunguko mmoja ulichukua saa nane kasoro kidogo. Kwa hiyo kila siku ilikata pete ile ya umeme mara kadhaa, ikiingia na kutoka, kama mtu anayepitisha kijiti kwenye asali ili ajue unene wake. Tena haikutoka mbali na ikweta: mwinamo wa njia yake ulikuwa chini ya nyuzi 4. Hanang iko nyuzi 4 na kidogo kusini. Maana yake ni kwamba kila ilipokatiza Afrika Mashariki ilipita karibu kabisa na utosi wetu, kidogo upande wa kaskazini. Mkoa wa Manyara haukuwapo bado, tulikuwa Arusha. Watu walikuwa wanachunga, wanalima, wanaoa. Na juu yao kulikuwa na kifaa kilichotoka pwani ya jirani, kikipima kitu kilichowafunika wote.

Hebu angalia tarehe vizuri, ndugu msomaji. Septemba 1971, miezi miwili tu kabla, Scout ya aina hiyo hiyo ilikuwa imerushwa kutoka Wallops, Marekani, na mzigo wa bariamu wa NASA na wale Wajerumani wa Max Planck. Waliuachia zaidi ya kilomita 31,000 juu, na watu wa bara la Amerika wakaona wingu lililotengenezwa na binadamu likijinyoosha kwenye njia za sumaku. Kwa hiyo katika msimu mmoja, kwa roketi za ukoo mmoja, binadamu alifanya mambo mawili. Upande wa Amerika alitengeneza wingu lake akalitazama kutoka nje. Upande wa Uswahilini alituma kifaa kikaingia ndani ya mawingu yenyewe ya asili. Vitabu vingi vinaposimulia habari za mawingu ya plazma vinaanza na la kwanza, kwa sababu lina picha na rangi. La pili halina picha. Lina namba tu.

Namba hizo hazikuchelewa. Setilaiti ilikuwa na mwezi mmoja tu angani pale dhoruba kubwa ya sumaku ilipopiga, tarehe 16 hadi 18 Desemba 1971. Ilikuwa pale pale panapotakiwa. Paul Smith na Robert Hoffman wa NASA wakachapisha matokeo ya dhoruba hiyo mwaka 1973, na mwaka 1974 wakaeleza jambo ambalo mpaka leo linafundishwa.

Ungetegemea nini wingu la plazma linapoingia? Mimi ningesema zile chembe zenye nguvu kubwa zaidi ndizo zitakazopenya ndani zaidi, kama mshale mzito. Sivyo. Waliona kwamba zinazotangulia kufika karibu na dunia ni za nguvu ya kati. Dhaifu zinabaki nyuma, na zenye nguvu sana zinabaki nyuma vilevile. Ukichora kwenye karatasi, umbo linatokeza kama pua, na wao wakaliita pua hivyo hivyo.

Sababu yake mfugaji ataielewa haraka. Fikiria kundi la ng'ombe linaloteremka kwenda ziwani, tuseme Bassotu. Kundi lote linasukumwa kuelekea majini. Lakini ndama, ambao hawana nguvu ya kukataa, wanavutwa na mkondo wa wenzao upande wa kushoto. Madume yenye kichwa ngumu yanajivuta upande wa kulia. Nani atafika majini wa kwanza? Wale wa katikati, ambao mvuto wa kushoto na wa kulia vinafutana kwao, wakabaki na njia moja tu: mbele. Ndivyo ioni zinavyofanya upande wa jioni wa dunia. Zile dhaifu hubebwa kuelekea mashariki pamoja na mzunguko wa dunia. Zenye nguvu sana, sumaku huzipeleka magharibi. Za kati hazihamishwi sana huku wala kule, basi zinazama moja kwa moja. Wingu lililoingia likiwa kitu kimoja linapambanuliwa, kila chembe kwa kadiri yake.

Hili ndilo ambalo nadhani historia hii yote inatufundisha kuhusu plazma: haitanuki kama moshi. Moshi unasambaa tu na kupotea. Plazma inachaguliwa na kupangwa na nguvu za mahali inapopita. Hata ile nyotamkia ya bandia, ambayo Wajerumani waliitamani tangu mwanzo, ilipofanikiwa tarehe 27 Desemba 1984 kwa bariamu iliyoachiwa ndani ya upepo wa jua wenyewe, iliwashangaza wenye nayo. Walitegemea kichwa chake kisukumwe na upepo. Kikaanza kwa kwenda pembeni.

Ngomeni iliendelea. Setilaiti tisa kwa jumla ziliondoka pale, ya mwisho tarehe 25 Machi 1988. Tangu hapo jukwaa limenyamaza, ingawa kituo cha nchi kavu bado kinapokea mawimbi ya setilaiti. Wakenya wamebishana miaka na miaka juu ya faida waliyoipata, na mwaka 2016 nchi mbili zikatia saini mkataba mpya. Mabishano hayo ni ya haki. Lakini naona wakati wote yanahusu fedha, ardhi na mafunzo, mambo ambayo ni lazima yajadiliwe, na hayagusi kabisa swali jingine: nini kiligunduliwa kutoka pale? Ukimuuliza kijana msomi wa Malindi, Arusha au Katesh, atakutajia Uhuru. Explorer 45 hataijua. Mimi nasema sababu kubwa ni jina. Ile yenye jina letu tumeibeba. Isiyo na jina letu tumeiacha ikaenda na waliokuja nayo.

Na hasara hiyo si ya kumbukumbu tu. Rudi nami nyumbani nikuonyeshe.

Nyumbani tulikuwa na redio ya betri, na saa moja jioni ilikuwa saa ya Kiswahili cha mbali kwenye masafa mafupi. Sauti ilikuja safi kwa dakika chache, kisha ikaanza kupanda na kushuka kama mtu anayeongea huku anapigwa na upepo, kisha ikarudi. Baba mkubwa alikuwa anaigeuza antena, anaipeleka redio dirishani, anairudisha mezani. "Iko salama hii," alikuwa anasema, "ni huko juu ndiko kunakochezacheza." Alikuwa sahihi kuliko alivyodhani.

Masafa mafupi yanatufikia kwa sababu juu yetu kuna tabaka la plazma, ionosfia, linalorudisha mawimbi ya redio chini. Na ionosfia ya kwetu si ya kawaida. Ikweta ya sumaku haifuati ikweta ya ramani. Katika Afrika Mashariki inapita juu ya Ethiopia. Mchana, umeme wa huko juu unaiinua plazma ya Ethiopia kama maji ya chemchemi. Ikishapanda inateremka kwa kufuata njia za sumaku, nusu kaskazini na nusu kusini, na kurundikana kwenye kingo mbili. Mwingereza Edward Appleton aliandika juu ya marundo hayo mwaka 1946. Kutoka Addis Ababa hadi Dirma ni kama kilomita 1,500. Yaani tumekaa chini ya eneo ambako chemchemi hiyo inamwaga upande wa kusini. Sehemu ya plazma iliyoinuka Uhabeshi asubuhi ndiyo inayokuwa juu ya Mlima Hanang alasiri.

Jua likizama, sehemu ya chini ya tabaka hilo inakonda upesi kwa kukosa mwanga, na ile nzito inabaki juu. Kitu kizito kikikaa juu ya chepesi hakitulii. Chepesi kinapenya kwenda juu kwa mapovu makubwa, mengine yakipanda zaidi ya kilomita 1,000, na kingo zake zinachanika nyuzi nyuzi. Unazikumbuka nyuzi za wingu la zambarau? Ni ndugu wa karibu. Wanasayansi walijifunza tabia ya mapovu haya kwa sehemu kwa kutazama bariamu ikichanika. Mawimbi ya redio yakipita humo yanayumba. Si redio ya baba mkubwa peke yake. Mawimbi ya setilaiti yanayoiambia simu yako uko wapi yanayumba humo humo, na ukanda huu wa ikweta ni kati ya sehemu za dunia zinazosumbuliwa zaidi na hali hiyo saa za baada ya magharibi.

Mei 2024 ilitupa mtihani. Tarehe 10 na 11 mwezi huo dunia ilipigwa na dhoruba ya sumaku kubwa kuliko zote tangu 2003. Marekani, wakulima waliokuwa katika msimu wa kupanda walisimamisha trekta zinazoongozwa kwa setilaiti kwa sababu hazikujua tena mstari uko wapi. Siku moja baadaye, tarehe 12, intaneti ikadorora Tanzania, Kenya na nchi jirani. Ni rahisi mno kuunganisha mambo hayo mawili na kusema jua limetukatia mtandao. Lakini kilichokatika kwetu kilikuwa nyaya za chini ya bahari, jambo lisilohusiana na jua. Mtu ambaye hajui wingu la plazma linafanya nini na halifanyi nini atapokea lolote atakaloambiwa, la kweli na la uongo kwa uzito mmoja. Leo ni mtandao. Kesho itakuwa trekta ya setilaiti kwenye mashamba ya ngano ya Hanang, au kipimo cha mpaka wa shamba kati ya majirani wawili, kilichochukuliwa jioni mapovu yakiwa juu.

Ndiyo maana nasema ukurasa wa Ngomeni turudishiwe, na wa kuurudisha ni sisi. Si lazima tusubiri roketi nyingine. Mwalimu wa fizikia wa Mbulu anaweza kufundisha mwendo wa ioni kwa ng'ombe wa Bassotu na akaeleweka. Mwanafunzi anaweza kuambiwa kwamba pua ile ya plazma iligunduliwa na kifaa kilichoondoka Ngomeni, mahali ambapo nauli ya basi inaweza kumfikisha. Na wale wazee wa Ngomeni waliofanya kazi kwenye majukwaa, waliobeba, waliochomelea, waliopika, waliovusha watu kwa mashua, wanapaswa kuhojiwa wangali hai. Ukisoma makala za utafiti ule utakuta majina ya wanasayansi na vifaa vyao. Hao wengine hawamo.

Jina la Kiswahili la Explorer 45 halipo, na setilaiti yenyewe ilimaliza kazi mwaka 1974. Hilo halituzuii kuipa jina katika masimulizi yetu. Dada yake aliitwa Uhuru. Huyu, aliyekwenda kuangalia ni chembe zipi zinatangulia kufika na kwa nini, mimi ningemwita Mlinzi wa Magharibi. Mwenye jina zuri zaidi na alilete.